Kufuata maji: namna ya kutembelea bustani za majumba ya shamba ya Unguja

Bustani za majumba ya shamba ya masultani wa Zanzibar hazina tena maua ya kupangwa wala watu wa kuzimwagilia. Anayefika Maruhubi, mojawapo ya majumba hayo, akitarajia kuona bustani ya hoteli hupiga picha ya nguzo, akazunguka kidogo, akaondoka. Hasara hiyo inaepukika, kwa sababu kile kilichozifanya bustani zile ziwe bustani bado kipo na kinaonekana kwa macho, nacho ni njia ya maji. Kuna vijito, mifereji, mabirika na hamamu, yaani nyumba za kuogea. Ukiyafuata maji kutoka bara ya kisiwa hadi yanapoingia baharini utajua miti ilisimama wapi, nani alikaa kivulini, na nani alikuwa akifanya kazi juani.

Mwongozo huu ni wa safari ya siku moja: Kidichi asubuhi, Mtoni mchana, Maruhubi alasiri. Ni njia ya kushuka, kutoka kwenye miinuko ya mashamba hadi ufukweni. Wengi huifanya kinyume kwa sababu Maruhubi iko karibu zaidi na mji, lakini ukianzia huko utafika Kidichi jua la utosi, umechoka, na kazi nzuri kuliko zote iliyopo njia hii utaitazama kwa haraka.

Kabla ya kutoka nyumbani: jua majumba yalikuwa ya nani

Soma kidogo usiku mmoja kabla. Kumbuka watu wawili tu, baba na mwana.

Wa kwanza ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyefika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828 na baadaye akahamishia makao yake hapa. Alikufa baharini mwaka 1856. Alitoka nchi kavu ambayo maisha yake yote yalitegemea falaj, yaani mifereji inayotoa maji chini ya milima na kuyapeleka mashambani kwa mteremko peke yake, bila pampu. Mtu aliyekulia kwenye hesabu hiyo, akafika kisiwani akakuta kijito kinachotiririka mwaka mzima hadi pwani, hawezi kukiacha kipite bure. Mtoni na Kidichi ni zake.

Wa pili ni mwanawe, Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Huyu ndiye aliyevuta maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini, jambo ambalo wazee wa Mji Mkongwe bado wanamshukuru kwalo. Mwaka 1875 alizuru Uingereza, na inasimuliwa kwamba majumba ya mashambani aliyoyaona huko, yenye kuta ndefu zinazozunguka bustani na miti mikubwa, yalimkaa moyoni. Maruhubi ni yake.

Kisha ujue jambo la tatu, na usiliweke pembeni. Bustani hizi na mashamba yaliyozilisha vilifanywa na watumwa. Walipanda, walipalilia, walichuma karafuu, walibeba mawe, walichota maji mahali ambapo mfereji haukufika. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa Zanzibar mwaka 1897. Majumba mawili ya mwanzo katika safari hii ni ya kabla ya tarehe zote hizo. Ukienda na watoto, waambie kabla hamjafika, si mkiwa mmesimama mbele ya birika mnapiga picha.

Chagua msimu na siku

Epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei. Njia za Kidichi huwa matope, na ndani ya magofu sakafu inateleza. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ndiyo bora: hewa ina ubaridi na mimea bado ni ya kijani. Vuli, Novemba na Disemba, mvua huja na kupita, na ina faida yake kwa mtu mwenye subira, kwani baada ya mvua nzuri utaona maji yakikusanyika katika mabirika na kando ya mifereji iliyokauka, na mpangilio wote unaeleweka bila kuelezwa.

Usiende Ijumaa mchana, maana walinzi na madereva huenda msikitini. Mwezi wa Ramadhani unaweza kwenda, ila usile wala kunywa mbele za watu, na ujipange kumaliza mapema.

Beba hivi

Tochi, kwa sababu vyumba vya hamamu vina giza. Viatu vya kufunika vidole. Maji ya kunywa. Noti ndogo za shilingi za kiingilio na bahashishi. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti. Bububu na Kidichi ni makazi ya watu, na utapita milangoni kwao.

Tena, tafuta picha za zamani za Mtoni na Maruhubi uziweke kwenye simu. Zipo, zilipigwa karne ya 19 majumba yakiwa bado yamesimama. Zitakufaa kuliko maelezo yoyote ya maneno, na nitaeleza chini namna ya kuzitumia.

Kupata usafiri

Daladala za njia ya Bububu ni namba 502. Stendi za mjini zimekuwa zikihamishwa, kwa hiyo usiulize stendi, uliza "gari za Bububu" na mtu yeyote atakuelekeza. Barabara hiyohiyo inapita Maruhubi, kisha Mtoni, kisha inafika Bububu, hivyo kurudi ni rahisi: kila ukimaliza unasimama barabarani na kupanda gari ijayo. Bububu unashuka, unachukua bodaboda au teksi kwenda ndani ya kisiwa, upande wa mashariki, kilomita chache hadi Kidichi. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi palepale kabla hujapanda.

Ukiwa na wazee au watoto wadogo, kodi teksi ya siku nzima. Wenye kuendesha safari za viungo nao hupita Kidichi, lakini mara nyingi ni kituo cha dakika chache kati ya shamba la vanila na chakula cha mchana. Ukichukua safari hiyo, mwambie mwongozaji mapema kwamba unataka muda wa kutosha hamamuni.

Kidichi: anza ndani, kisha toka nje

Hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah wa Iran. Yeye na bibi huyo walikuwa wakija huku kuwinda na kukagua mashamba. Palikuwa na nyumba ya kupumzikia pembeni. Nyumba imetoweka, hamamu imebaki.

Ukiingia, simama kwanza kimya hadi macho yazoee giza. Tazama makuba juu yako: tundu za duara ndizo zilizoingiza mwanga. Pita chumba hadi chumba kwa mpangilio wa anayeoga, kuanzia pa kuvulia nguo, kisha birika la kuogea, kisha pa kukandwa mwili. Ukipita hivyo utaelewa jengo lote bila mwongozaji.

Sasa washa tochi na uimulike kuta kwa pembeni, si moja kwa moja. Kwa namna hiyo nakshi za lipu zinajitokeza: maua, matawi, ndege, na tausi miongoni mwao. Ni kazi ya mafundi wa mtindo wa Kiajemi, na huwezi kuona viumbe hai vimechongwa namna hii katika majengo mengine ya zamani ya Unguja, kwa sababu desturi ya hapa iliepuka kuchora chenye roho. Bustani ambayo nje haipo tena, hapa ndani imehifadhiwa katika chokaa. Usiguse ukuta hata kwa kidole kimoja. Ukungu umeshaanza kuila nakshi, na jasho la mikono ya wageni linaongeza kasi.

Ukimaliza ndani, toka uzunguke jengo polepole. Utauona mteremko, na utaona kwa nini pamechaguliwa hapa: kuna upepo, na mashamba yote yako chini ya macho. Ukitembea kati ya mikarafuu, fahamu kwamba miti mingi unayoiona si ya zama za Seyyid Said. Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Kabla ya kimbunga hicho, karafuu ilikuwa imeenea hapa kwa amri: inasimuliwa kwamba Seyyid Said alimtaka kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii alinyang'anywa ardhi. Aliyetangulia kuipanda kwa biashara alikuwa Saleh bin Haramil al-Abri, kwenye mashamba ya Mtoni na Kizimbani, na mashamba yake yaliishia mikononi mwa Sultani.

Kizimbani hiyo haiko mbali. Nayo ina hamamu, lakini haina nakshi. Kama muda ni mfupi iache.

Njiani kushuka: tafuta kijito

Kutoka Kidichi kurudi Bububu unateremka kutoka upande wa miinuko ya Masingini. Msitu wa Masingini unalindwa kwa sababu ndio unaohifadhi vyanzo vya maji ya mji hadi leo. Mwambie dereva aende taratibu kwenye mabonde, uangalie mahali ambapo majani yanabadilika ghafla: migomba, magimbi, mpunga, majani mapana. Hapo ndipo maji yanapopita. Majumba yote ya pwani hii yamekaa yalipokaa kwa ajili ya mabonde haya. Bahari ilikuwa ya mandhari na ya vyombo, lakini maji matamu ndiyo yaliyoamua kasri lijengwe wapi.

Mtoni: hapa kaa muda mrefu

Kama una nafasi ya mahali pamoja tu, nenda Mtoni. Ndilo kasri kongwe kuliko yote ya masultani kisiwani. Ujenzi wake ulianza karibu na mwaka 1828. Liko ufukweni, na kijito kiko kando yake.

Mtoni ina bahati ambayo majumba mengine hayakuipata: mtoto aliyezaliwa humo aliandika. Salme binti Said alizaliwa hapa mwaka 1844, mama yake akiwa suria wa Kicherkesi, kutoka Kaukasi. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar kwa sababu ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akaolewa naye na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake za utotoni zilichapwa Ujerumani mwaka 1886, na humo ameieleza Mtoni kwa jicho la mtoto aliyecheza kila pembe yake.

Anasema palikaa watu kama elfu moja. Katikati palikuwa na ua mkubwa, na ndani ya ua walitembea huru paa, tausi, kanga, heroe, mabata bukini na mbuni. Mwishoni mwa ua palikuwa na nyumba za kuogea zilizopangwa mstari, na mbele yake michungwa mirefu ambayo watoto walijificha juu yake kumkwepa mwalimu wao mkali. Upande wa bahari palikuwa na baraza la duara lililoinuliwa, ambapo baba yake alikaa na kunywa kahawa akitazama vyombo.

Fanya hivi ukifika. Ingia, usalimie, lipa, kisha usianze na ukumbi wala ngazi. Nenda moja kwa moja uani na usimame katikati. Tafuta upande wa bahari na upande wa bara. Nyumba za kuogea zilipata maji kutoka kwa kijito, kwa hiyo jiulize maji yaliingilia wapi na yalitokea wapi. Fuata kuta, tazama chini, angalia matundu na mifereji iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Maji yakishaonekana, kila kitu kinakaa mahali pake: hamamu zinafuata maji, michungwa inafuata hamamu, watoto wanafuata michungwa.

Kisha toa simu, utazame picha ya zamani. Usisimame popote tu. Zunguka hadi ukuta ulio mbele yako ulingane na ukuta wa kwenye picha, na kona ikae kwenye kona. Ukifika aliposimama mpiga picha, utaona kwa macho yako urefu wa kile kilichoanguka.

Mwisho, nenda upande wa bahari, ukae pale ambapo upepo unaingia. Watu elfu moja waliishi hapa, na Salme alikuwa binti wa mfalme. Wengi wa waliobaki walikuwa watumwa na masuria walioletwa kutoka Bara, Uhabeshi na Kaukasi. Hao hawakuandika. Wapishi, wachotaji maji, mayaya, wafagiaji wa ua uleule uliojaa tausi: kila njia ndogo ya pembeni unayoiona inapita nyuma ya vyumba vikubwa, ilikuwa njia yao. Ipite hiyo pia, si ukumbi peke yake.

Kasri liliachwa katika miaka ya 1880, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia lilitumika kama ghala. Sehemu imeshafanyiwa hifadhi. Waulize walinzi ni kuta zipi za asili na zipi zimeungwa tena. Wanajua, na wanafurahi kuulizwa.

Maruhubi: soma kuta, nguzo na mabirika

Kutoka Mtoni panda gari ya kurudi mjini, ushuke Maruhubi. Alasiri ni wakati wake, maana pwani hii inatazama magharibi na mwanga unaingia kati ya nguzo kwa chini.

Barghash alilikamilisha kasri hili mwaka 1882. Chini lilikuwa la mawe, juu la mbao, na roshani pana iliyozunguka ilibebwa na nguzo nene. Mwaka 1899 moto uliteketeza kila kilichokuwa cha mbao. Ndiyo maana leo kuna nguzo nyingi zisizobeba kitu: zilibeba roshani. Marumaru za hamamu zikaibwa baadaye.

Anza nje, kwenye ukuta wa mpaka. Watu wengi hawautazami kabisa. Huu ndio ukuta unaohusishwa na ziara ya Uingereza, na bila kuuona huwezi kujua ukubwa wa bustani. Ufuate kadiri njia inavyoruhusu, kisha ndiyo uingie ndani.

Ndani, inua macho utafute mfereji wa juu, uliobebwa na nguzo za mawe. Hapa ni tofauti na Mtoni: baba alilaza maji chini, mwana akayainua hewani. Yafuate hadi kwenye hamamu, kisha hadi kwenye mabirika. Haya mabirika yalikuwa ya kuhifadhia maji, na sasa mayungiyungi yameyafunika. Wengi hudhani yalijengwa kuwa mapambo ya maua. Kaa ukingoni bila kelele, vyura na kerengende watarudi kwenye shughuli zao. Watoto wasikaribie bila kushikwa mkono, maana kina hakionekani chini ya majani.

Hamamuni, linganisha ukubwa wa vyumba: cha Sultani ni kikubwa, vya wanawake ni vidogo na viko kando. Tumia tena tochi. Utakuta kuta tupu, bila maua ya Kidichi.

Kisha nenda kwenye miembe. Inasimuliwa kwamba miembe ya bustani hii ililetwa kutoka India. Iwe ni ileile au ni vizazi vyake, kivuli chake ndicho kitu pekee katika Maruhubi kinachofanya leo kazi ileile kiliyopandiwa. Kaa chini yake. Kama mmebeba chakula, hapa ndipo pa kulia, na mbebe takataka zenu zote mrudi nazo mjini.

Ufukweni jirani kuna mafundi wa vyombo. Ukitaka kuwatazama wakikarabati jahazi, piga hodi, mwambie fundi mkubwa "shikamoo mzee", na usipige picha kabla ya kuruhusiwa.

Kuhusu malipo na adabu

Lipa kiingilio mahali rasmi na uombe risiti. Wenyeji hulipa pungufu ya wageni, kwa hiyo beba kitambulisho. Mlinzi akikuzungusha kwa moyo, mpe chochote mkononi mwake mwishoni. Usipande juu ya kuta: chokaa ya zamani imedhoofika, na jiwe moja likitoka la pili linafuata. Usichukue hata kipande cha lipu kilichoanguka. Wanaohifadhi hulinganisha vipande hivyo na mahali vilipotoka.

Ukibaki na siku nyingine

Nenda Dunga, katikati ya kisiwa. Hilo si jumba la masultani wa Oman. Lilikuwa la Mwinyi Mkuu, mtawala mwenyeji ambaye watu wa Unguja walimtambua kabla Seyyid Said hajafika na wakaendelea kumtambua alipokuwepo. Magofu ni machache na bustani ni ndogo, na saa moja inakutosha. Lakini usiende Dunga siku ileile ya Mtoni. Utakuwa umechoka, na wenye kisiwa chao hawastahili kupewa saa ya mwisho.